Osileta ya Kristali Imenyamaza: Mwongozo wa Kufufua Kaunta ya Masafa ya Zamani

Maswali ni yale yale, yawe yametoka Nyakato hapa Mwanza, Sengerema au ng'ambo kule Ukerewe: "Fundi, nimepata kaunta ya masafa ya zamani kwenye mnada. Taa zinawaka, feni inazunguka, ila haihesabu kitu. Kristali mpya naipata wapi?" Jibu langu huwaudhi wengi: usinunue kristali bado. Kristali ni kipande chembamba cha jiwe la kwatzi kilichofungwa ndani ya kopo la chuma au kioo. Hakuna ndani yake maji ya kukauka kama kwenye kapasita ya elektroliti. Huwa inakufa, ndiyo, hasa mashine ikidondoshwa, lakini majirani zake, yaani vipuri vinavyoizunguka, ndio wanaochoka kwanza. Kwa hiyo hapa tutaanza na majirani, na kristali tutaifikia mwishoni.

Mwongozo unahusu kaunta za masafa (mashine zinazohesabu mawimbi mangapi yanapita kwa sekunde) na jenereta za mawimbi za miaka ya 1960 hadi 1980, zile nzito za Hewlett-Packard, Racal, Philips, Marconi na wenzao, ambazo bado zinatoka kwenye karakana za shule, vituo vya redio na stoo za watu. Karibu zote zina osileta moja ya kristali, yaani saketi inayozalisha mawimbi, inayotoa megahezi 1, 5 au 10, na kila kitu kingine kwenye mashine kinaitegemea hiyo.

Nadharia unayohitaji inatosha aya moja. Transista inakuza mawimbi, sehemu ya mawimbi hayo inarudishwa mlangoni kwake kupitia kapasita mbili tatu, na kristali inachagua masafa gani yaruhusiwe kurudi. Ukikosekana umeme sahihi, ukuzaji wa kutosha au njia ya kurudia, osileta inanyamaza. Baada ya osileta kuna hatua nyingine inayoitwa bafa, kazi yake ni kuikinga osileta isisumbuliwe na saketi zinazofuata. Ikumbuke bafa, tutairudia sana.

Kabla ya kufungua kasha

Andaa hivi:

- Mita ya kidijitali iliyo nzima, ikiwezekana yenye kipimo cha kapasita.
- Redio ya betri yenye masafa ya kati na masafa mafupi. Ile ya zamani ya kuzungusha kwa mkono inafaa kuliko hizi mpya za kubonyeza.
- Osiloskopu (kifaa kinachoonyesha umbo la mawimbi) yenye probu, yaani waya wa kupimia, ya x10, kama unaweza kuazima. Kazi kubwa inafanyika bila hiyo.
- Pasi ya kulehemu yenye ncha nyembamba, wati 25 hadi 40, na pampu ya kunyonyea lehemu.
- Spiriti ya duka la dawa na mswaki laini.
- Kapasita ndogo za seramiki (33, 100 na 150 pF, yaani pikofaradi), za 100 nF, elektroliti za ukubwa tofauti, na transista kama BC547.
- Kristali moja unayojua kwamba ni nzima. Fundi TV yeyote wa Igoma au Buhongwa ana bodi za TV za kizamani za rangi, na humo kuna kristali ya 4.43 MHz. Mwombe moja.
- Mchoro wa saketi ya mashine yako. Vitabu vya huduma vya Hewlett-Packard na vya makampuni mengine makubwa vimeskaniwa na vinapakuliwa bure mtandaoni. Bila mchoro utafanya kazi kwa kupapasa.

Sasa usalama. Umeme wetu ni volti 230, na nyingi ya mashine hizi zilitengenezwa Marekani, ambako ni kama 115. Nyuma kuna swichi au kadi ndogo ya kuchagua volti. Iangalie kabla ya kuchomeka plagi. Haijalishi aliyekuuzia alikuambia nini. Mara ya kwanza iwashe ikiwa imeunganishwa mfululizo na balbu ya nyuzi ya wati 100. Balbu ikimulika sana mwanzoni kisha ikafifia, endelea. Ikibaki inang'aa kwa nguvu, kuna shoti kwenye upande wa umeme, na habari ya osileta iache kwanza.

Kama mashine yako ni ya valvu, zile chupa za kioo zilizotangulia transista, ndani mna volti 150 hadi 300 za umeme mnyoofu, na kapasita zinaweza kubaki zimechajiwa hata baada ya kuchomoa plagi. Pima kwanza, kisha ndiyo uguse. Kama hujawahi kufanya kazi kwenye valvu, mtafute mzee wa kazi akae pembeni yako.

Hatua kwa hatua

1. Angalia mgongo wa mashine.
Kaunta nyingi zina swichi nyuma iliyoandikwa INT na EXT. Ikiwa kwenye EXT, mashine inasubiri mawimbi kutoka nje na osileta ya ndani haisikilizwi kabisa. Nyingine badala ya swichi zina kipande kifupi cha waya kinachounganisha soketi mbili za nyuma, na kipande hicho hupotea stoo. Nusu dakika ya kuangalia hapa inaweza kukuokolea wiki nzima. Izungushe swichi hiyo mara kadhaa huku na huku hata kama iko mahali sahihi, maana vigusio vyake huota kutu.

2. Igawe mashine mara mbili.
Unataka kujua ugonjwa uko kwenye osileta au mbele yake. Weka swichi kwenye EXT na uingize mawimbi ya masafa yanayotakiwa kutoka jenereta nyingine ya mawimbi. Kaunta ikianza kuhesabu, saketi zote za mbele ni nzima na mshukiwa ni osileta au bafa. Isipohesabu, usiiguse osileta. Tatizo liko kwenye vigawanyaji, yaani saketi zinazogawanya masafa ya osileta, au kwingineko.

Huna jenereta? Chomoa osileta ya kopo la mstatili kwenye kadi ya kompyuta ya zamani. Yale makopo ya nafasi ya pini 14 yana miguu minne tu: mguu wa 14 unapewa volti 5, wa 7 ni athi (sifuri ya saketi), wa 8 unatoa mawimbi, wa 1 uache. Masafa yake hayatalingana na ya mashine, kwa hiyo namba zitakuwa za uongo, lakini kwenye kaunta zenye vigawanyaji vya kawaida utaona zinahesabu, na hilo ndilo unalotafuta.

Hapo hapo niseme kuhusu kitufe cha CHECK, maana kinawadanganya wengi. Ukikibonyeza, kaunta inahesabu osileta yake kwa kutumia osileta hiyo hiyo, sawa na fundi cherehani anayepima futi yake kwa futi yake mwenyewe. Itaonyesha 10.000000 hata kama osileta imepotoka vibaya. CHECK inathibitisha kwamba mashine inahesabu. Haithibitishi kwamba inahesabu sawasawa.

3. Pima umeme unaofika kwenye osileta yenyewe.
Si kwenye transfoma, si kwenye regyuleta (kidhibiti volti). Weka ncha ya mita pale pale transista ya osileta inapopokea umeme. Hili ndilo kosa la wanaoanza: wanapima regyuleta, wanakuta volti 15 safi, wanaendelea mbele. Mara nyingi kati ya regyuleta na osileta kuna rezista ndogo ya omu 47 au 100, ikifuatiwa na kapasita ya tantali au elektroliti iliyounganishwa kwenda athi. Tantali ya zamani ina tabia ya kupiga shoti. Ikipiga, rezista inaungua, osileta inakosa umeme, na mashine nyingine yote inaendelea kuwaka kama kawaida. Ukiona rezista imebabuka, usiibadilishe peke yake. Badilisha na kapasita iliyo nyuma yake.

Volti zikiwepo, geuza mita kwenye AC upime pale pale. Ukikuta mamia ya milivolti, elektroliti za kuchuja zimekauka. Umeme wenye mtetemo wa namna hiyo si lazima uiue osileta, lakini unafanya masafa yayumbe na namba za mwisho kwenye kioo zicheze.

4. Safisha kabla ya kubadilisha chochote.
Sisi tunaokaa kando ya ziwa tuna bahati moja na balaa moja. Bahati ni kwamba maji ya Victoria hayana chumvi, kwa hiyo hatupati kutu ya kasi kama wenzetu wa Tanga na Dar es Salaam. Balaa ni unyevu pamoja na wadudu. Wale wadudu wa ziwani wanaokuja kama wingu la moshi hufuata taa usiku, feni inawavuta, wanafia juu ya bodi, unyevu unawalowesha, na uchafu wao unapitisha umeme kidogo. Ongeza mavi ya mijusi na viota vya udongo vya nyigu. Kwenye saketi ya redio ya kawaida uchafu huo hauna neno, ila pale kwenye kristali, hasa saketi zenye rezista ya megaomu moja hadi kumi, uvujaji mdogo unatosha kuinyamazisha osileta.

Chomoa plagi, piga mswaki, kisha osha eneo la osileta kwa spiriti. Ya asilimia 70 inafaa, ila ina maji ndani yake, kwa hiyo ipe muda ikauke kabisa kabla ya kuwasha. Usitumie petroli wala thina, ingawa najua vibanda vingi vinatumia. Kwenye osileta za zamani kuna kapasita za polistairini, zile zinazong'aa kama zimefungwa kwa nailoni angavu; petroli na thina zinaziyeyusha.

Kristali za zamani aina ya HC-6/U zina miguu minene inayochomekwa kwenye soketi. Ichomoe taratibu kwa kuivuta wima, sugua miguu kwa kifutio cha penseli, nyunyiza dawa ya vigusio kwenye soketi, irudishe na kuichomoa mara kadhaa. Fanya hivyo hivyo kwa kadi zote zinazochomekwa. Sehemu kubwa ya "kristali zilizokufa" hufufukia hapa, na mwenye mashine haamini.

5. Isikilize kwa redio.
Washa mashine. Weka redio karibu na bodi, au funga waya kwenye antena yake na uulaze karibu na bafa bila kugusana na kitu. Kwa osileta ya megahezi 1, tafuta 1000 kwenye masafa ya kati. Kwa ya megahezi 5 au 10, nenda kwenye masafa mafupi. Usitegemee kusikia mlio. Mawimbi haya hayana sauti, kwa hiyo dalili ni ile "shhh" ya redio kuzimika ghafla unapofika mahali penyewe. Zima mashine, "shhh" irudi. Washa, inyamaze tena. Hapo una uhakika.

Ukitaka mlio kamili kwa osileta ya megahezi 1, weka redio ya pili ya kuzungusha kwa mkono pembeni, uielekeze kwenye 545 hivi. Ndani yake mna osileta inayokimbia kilohezi 455 juu ya hapo, yaani 1000. Mawimbi mawili yatagongana na redio ya kwanza itapiga mluzi unaopanda na kushuka kadiri unavyozungusha ya pili.

Ukiisikia osileta kwa redio lakini kaunta haihesabu, basi osileta ni nzima na bafa ndiyo mgonjwa. Ruka uende hatua ya 7, upime transista ya bafa.

6. Ukitumia osiloskopu, pima kwenye bafa.
Kuna maswali mengi ya namna hii: "Nilipoweka probu mawimbi yakakata, kwa hiyo kristali ni dhaifu?" Hapana, umeikata wewe. Probu kwenye x1 inaongeza karibu pikofaradi 100 mahali ambapo saketi nzima inategemea pikofaradi 30. Hata kwenye x10 inaongeza 10 hadi 15, ambazo zinatosha kuhamisha masafa au kuzima osileta iliyochoka. Basi tumia x10 na uishike kwenye njia ya kutokea ya bafa. Kama ni lazima ukaribie kristali, unganisha kapasita ya pF 1 au 2 mfululizo na ncha ya probu. Mawimbi yataonekana madogo sana, lakini yataonekana.

Vile viosiloskopu vidogo vya kujiunganishia vyenye uwezo wa kilohezi 200 havitakuonyesha chochote kwenye megahezi 10. Mstari ulionyooka kwenye kioo chake si ushahidi.

7. Pima volti za transista.
Hapa mita ya kawaida inatosha. Pima kati ya besi na emita, miwili kati ya miguu mitatu ya transista (wa tatu ni kolekta). Transista ya silikoni iliyolala bila kuosileti huonyesha volti 0.6 hadi 0.7, ya germanium 0.2 hadi 0.3. Ukikuta sifuri, haipati umeme wa kuiamsha: fuata rezista za besi moja moja, maana zile za kaboni za zamani huongezeka omu zake. Ukikuta volti 2 au 5 kati ya besi na emita, transista imekatika ndani.

Kuna ujanja mmoja ninaoupenda. Osileta inayofanya kazi huivuruga volti yake yenyewe, kwa hiyo unaweza kukuta 0.3, au hata hasi, kwenye transista nzima ya silikoni. Pima volti ya emita, kisha gusisha miguu miwili ya kristali kwa kapasita ya 1 nF. Volti ikibadilika, osileta ilikuwa inakimbia nawe umeisimamisha. Isipobadilika, ilikuwa imenyamaza tangu mwanzo. Kwenye valvu dalili ni gridi: ikiwa na volti kadhaa hasi, inaosileti. Ile ya kapasita kwenye miguu ya kristali usiifanye kwenye valvu.

Onyo kwa wenye mashine za Ulaya za miaka ya 1960: transista za germanium AF114 hadi AF117 huota nywele nyembamba za bati ndani ya kopo, na nywele hizo hugusisha miguu na kopo lenyewe. Zina miguu minne, na mmoja umeungwa kwenye kopo kwa ajili ya kinga. Kuukata mguu huo mara nyingi hurudisha uhai, ingawa kwa muda. Tafuta mbadala mapema.

8. Kapasita za kurudisha mawimbi.
Ni zile mbili au tatu zinazozunguka kristali na transista. Za mika na polistairini kwa kawaida ni imara, lakini zikipata ufa kwenye mguu zinakatika. Inyanyue mguu mmoja uipime. Ikitofautiana na maandishi kwa zaidi ya asilimia 10, badilisha. Weka ya mika au ya seramiki aina ya NP0. Seramiki ya kawaida ya kahawia uliyoitoa kwenye redio hubadilika na joto, na masafa yataifuata. Unapolehemu polistairini, shika mguu kwa koleo nyembamba kati ya kapasita na pasi ili joto lisifike.

Trima, ile kapasita ndogo ya kurekebishia masafa, izungushe polepole kidogo kulia na kushoto, baada ya kuweka alama ya kalamu mahali ilipokuwa. Osileta ikishtuka na kukimbia, vigusio vya trima vina uchafu.

9. Sasa, kristali.
Mita ya omu ikionyesha kwamba haipitishi kitu, hiyo ni kawaida na haisemi kama ni nzima au mbovu. Ikionyesha omu, hata za megaomu chache, kristali ina unyevu au shoti ndani. Kwenye kipimo cha kapasita inapaswa kuwa na pikofaradi chache; ikiwa sifuri kabisa baada ya kutoa zile za nyaya za mita, mguu umekatika ndani. Itikise kidogo sikioni. Kinachogongagonga ni jiwe lililong'oka.

Kipimo cha uhakika ni kuiweka kwenye osileta nyingine. Jenga hii kwenye kipande cha bodi: BC547, kolekta kwenye volti 9 za betri na kapasita ya 100 nF kutoka hapo kwenda athi; rezista ya 100k kutoka volti 9 kwenda besi; rezista ya 1k kutoka emita kwenda athi; kapasita ya 150 pF kati ya besi na emita, na nyingine kama hiyo kati ya emita na athi. Kristali inakaa kati ya besi na athi. Jaribu kwanza ile ya TV ya 4.43 MHz, isikilize kwa redio, ndipo uweke unayoishuku. Saketi hii inafaa kristali za kati ya megahezi 2 na 15. Usiweke kristali ya saa ya mkononi, utaivunja, wala usiweke kristali ya usahihi mkubwa uliyoitoa kwenye oveni.

Ikikimbia hapa lakini haikimbii kwenye mashine yako, rudi hatua ya 7 na 8. Ipo siri pale hujaiona.

10. Oveni, kama ipo.
Mashine za usahihi huifungia kristali kwenye kasha linalopashwa moto, kwa kawaida kati ya nyuzi 70 na 85 za Selsiasi. Joto hilo limekusudiwa kuwa juu kuliko la chumba chochote, hata kibanda cha mabati mchana wa Februari. Pima mkondo unaoingia: uwe mkubwa mwanzoni, kisha ushuke baada ya dakika 10 hadi 20. Usiposhuka kamwe, kidhibiti joto kimeharibika. Usipokuwepo tangu mwanzo, tafuta fyuzi ya joto ndani, nyingi zinayo. Usiiruke kwa waya, hata kwa majaribio. Na ukifungua oveni, usiondoe sponji wala kubadilisha mpangilio wake.

11. Irekebishe baada ya kupona.
Iache iwake kwa saa nzima angalau. Yenye oveni iache siku. Tafuta moduli ndogo ya GPS inayotoa pigo moja kila sekunde. Bodi nyingi za bei nafuu hazina pini ya pigo hilo, lakini unaweza kulichukua kwenye taa yake inayopepesa. Antena itoe nje, chini ya bati GPS haishiki setelaiti.

Ingiza pigo kwenye kaunta na uiweke ipime kipindi, si masafa. Ikiwa sahihi, itaonyesha 1000000.0 za maikrosekunde. Ikionyesha 1000002.5, osileta yako inakimbia zaidi kwa sehemu 2.5 kwa milioni, yaani hezi 25 juu ya megahezi 10. Zungusha trima kwa bisibisi ya plastiki, maana ya chuma inabadilisha masafa kwa kukaribia tu. Kuongeza kapasita kunashusha masafa, kupunguza kunapandisha. Soma wastani wa vipimo kadhaa, tarakimu ya mwisho itacheza kidogo.

Dalili na pa kuanzia

*Asubuhi haikimbii, ikifika saa tano inaamka.* Unyevu, au lehemu iliyopasuka. Pasha eneo kwa drayeri ya saluni kwa moto mdogo, kipande kwa kipande. Ukipata sehemu inayoiamsha, osha na uirudishie lehemu kabla ya kubadilisha kitu.

*Inakimbia, ila masafa ni theluthi ya yaliyoandikwa kwenye kristali.* Kristali imetengenezwa kufanya kazi kwenye mtetemo wa tatu (karibu mara tatu ya ule wa kwanza), na koili inayoilazimisha huko imepoteza marekebisho yake. Kristali haina kosa. Cheza na koili na kapasita yake.

*Trima imefika mwisho na masafa bado yako mbali.* Kristali imezeeka au kapasita iliyo sambamba na trima imebadilika. Jaribu kuongeza au kupunguza pikofaradi 5 au 10.

*Masafa yanaruka ghafla, kisha yanarudi.* Gonga bodi taratibu kwa kijiti cha mbao. Soketi ya kristali, trima na swichi ya INT na EXT ndizo za kwanza kushukiwa.

*Inakimbia ukiigusa kwa kidole tu.* Ukuzaji ni mdogo. Transista imechoka, au kapasita ya 100 nF inayopeleka emita athi imekatika.

Ukilazimika kuagiza

Kama hatua ya 9 imeihukumu, agiza kwa maelezo kamili, maana "kristali ya megahezi 10" haitoshi hata kidogo. Mwambie muuzaji masafa yenyewe hadi tarakimu ya mwisho iliyoandikwa kwenye kopo, kama ni ya mtetemo wa kwanza au wa tatu, kama inafanya kazi mfululizo au sambamba, na kama ni sambamba, kwa pikofaradi ngapi. Nyingi za zamani ni 30 au 32, za siku hizi ni 18 au 20, na ukichanganya utajikuta trima haifiki. Taja pia kopo: HC-6/U kama unataka ikae kwenye soketi ileile, HC-49/U kama uko tayari kuilehemu. Vile vibapa vidogo vya kubandikwa juu ya bodi viache, havihimili nguvu ambayo osileta ya zamani inavisukumia.

Ukiletewa kutoka Kariakoo kwa basi, mwambie mtumaji aifunge kwenye sponji nene na aandike juu kwamba ni kioo, na ukiipokea stendi ipime kwenye ile saketi ya BC547 kabla hujailehemu.